Mkufunzi Aitazame Kesho Yake Kabla ya Paredi ya Mwisho

Katika kila chuo cha mafunzo ya askari yumo mtu mmoja ambaye kuruta hamsahau hadi uzeeni. Huenda akalisahau jina la kamanda aliyeongoza chuo wakati ule, na huenda akawasahau wenzake aliolala nao banda moja. Lakini sauti ya koplo au sajini aliyemfundisha kusimama wima, kugeuka, kupiga saluti, na kufungua silaha yake na kuiunganisha tena gizani, sauti hiyo humfuata popote aendapo. Mwenye sauti hiyo ndiye mkufunzi, naye ni mwalimu kama walimu wengine, ijapokuwa darasa lake ni uwanja wa kwata na ubao wake ni mchanga.

Hata hivyo, ni mara chache sana watu kuuliza mkufunzi huyo anaelekea wapi. Makuruta huja na kwenda. Kila kundi humaliza mafunzo, hupita mbele ya wageni siku ya paredi, kisha hupanda malori na kuondoka. Mkufunzi hubaki palepale akingoja kundi jingine, na miaka humpita kimya kimya mpaka siku anapokabidhiwa barua ya kustaafu. Ndipo huanza kujiuliza swali ambalo lilimpasa kujiuliza miaka kumi nyuma: je, kazi hii ya kufundisha niliyoizoea na kuipenda, nitaiendeleza wapi na kwa cheti gani?

Makala haya tumeyakusudia kwa ajili yake, na kwa ajili ya kila askari wa Uganda, wa jeshi au wa polisi, ambaye ana kipaji cha kufundisha na hataki kipaji hicho kizikwe pamoja na sare zake.

LUGHA YA KAMBI IMEINGIA DARASANI

Kwanza yatupasa kueleza kwa nini tunalizungumza jambo hili kwa lugha ya Kiswahili na kwa askari. Nchini Uganda, Kiswahili kimekuwa na historia ya kupanda na kushuka. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza kikuzwe katika elimu na utawala, na pendekezo lake likapata wapinzani wengi, hasa katika Buganda. Mwaka 1952 kiliondolewa katika shule, isipokuwa zile za polisi. Jambo la kustaajabisha ni kwamba katika miaka hiyo hiyo ya 1950, Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyokuwa ikisanifu Kiswahili, ilikuwa na makao yake Makerere. Lugha ilikuwa imepewa ofisi juu ya kilima, na huku chini imefungiwa mlango wa darasa.

Waliokiweka hai wakati huo wote ni askari. Kilikuwa lugha ya amri katika kikosi cha King's African Rifles, na kikabaki lugha ya kambi baada ya Uhuru wa mwaka 1962. Mwaka 1973 kilitangazwa kuwa lugha ya taifa, lakini tangazo peke yake halikuzaa walimu wala vitabu, na raia wengi waliendelea kukiona kuwa lugha ya watu wenye bunduki.

Sasa hali imegeuka. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2020 mtaala mpya wa kidato cha kwanza hadi cha nne ulianza kutumika, nacho kikawa miongoni mwa masomo ya lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Mwezi Julai mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Kwa hiyo shule zinahitaji walimu wa Kiswahili, na walimu hao hawapatikani kwa kutoa amri. Hapana shaka kwamba macho ya watu wengi yanaelekea kambini, ambako lugha hii haikuwahi kufa.

AMRI SI SOMO

Hapa ndipo tunapotaka kumtahadharisha ndugu yetu mkufunzi. Asidhani kwamba kwa kuwa amesema Kiswahili miaka ishirini, basi yu tayari kusimama mbele ya darasa. Kusema lugha ni jambo moja, na kuifundisha ni jambo jingine, kama vile kuendesha gari kulivyo mbali na kulitengeneza.

Tuchukue mfano mdogo. Kambini husikika sana maneno kama "watoto yangu", "mtu kubwa" na "gari iko haribika", na kila aliyepo huelewa. Mwalimu itampasa aseme "watoto wangu", "mtu mkubwa" na "gari limeharibika". Hilo si gumu. Ugumu huja pale mwanafunzi mwerevu anaponyosha mkono na kuuliza: "Mwalimu, ikiwa twasema watoto wangu, mbona twasema ndugu zangu, wala hatusemi ndugu wangu?" Mwalimu aliyesoma atajibu kwamba majina kama ndugu, rafiki na adui yana umbo la ngeli moja na maana ya ngeli nyingine. Kwa kuwa yanataja watu, kitendo hufuata upatanisho wa watu, nasi husema "ndugu zangu wamefika". Lakini katika kumiliki hufuata umbo lake, ndiyo maana tukasema "ndugu yangu" na "ndugu zangu". Mwalimu asiyejua jibu hilo hawezi kulimaliza swali kwa kumwamuru mtoto akimbie kuzunguka uwanja mara tatu.

Lakini tusimvunje moyo mkufunzi, kwani anayo hazina ambayo walimu wengi wapya hawana. Amefundishwa kufundisha kwa hatua nne: eleza, onyesha, waache waige, kisha wazoeze mpaka wazoee. Amezoea kumtazama kila kuruta mmoja mmoja na kumrekebisha papo hapo, bila kungoja mwisho wa mwaka. Mtaala mpya wa sekondari unakwenda karibu na njia hiyo, maana unamtaka mwanafunzi atende na wala si kukariri tu, na alama 20 katika kila 100 za mtihani wa kidato cha nne hutokana na kazi anazofanya shuleni kabla ya mtihani wenyewe. Mkufunzi wa kwata hahitaji kuambiwa maana ya kupima uwezo wa mtu kwa kumtazama akitenda. Anachokosa ni elimu ya lugha yenyewe, elimu ya malezi ya mtoto, na cheti cha kuthibitisha hayo yote.

Na cheti hicho ni lazima. Sheria inakataza mtu kufundisha shuleni bila ya kuandikishwa kuwa mwalimu au kupewa leseni ya kufundisha. Isitoshe, Sera ya Taifa ya Walimu ya mwaka 2019 imeweka shahada ya kwanza kuwa kiwango cha chini cha elimu ya mwalimu. Zamani mtu aliweza kuanza na cheti cha Gredi ya Tatu na kuridhika nacho mpaka kustaafu. Mlango huo unafungwa, na anayepanga safari yake leo aipange kwa kuutazama mlango ulio wazi.

HESABU YA MIAKA

Tumtazame sajini mmoja wa mfano, ambaye hatuna haja ya kumpa jina kwa sababu wa namna yake ni wengi. Ana cheti cha kidato cha nne. Ana umri wa miaka 38. Anafundisha makuruta, anakipenda Kiswahili, na moyoni mwake amekwisha kusema kwamba akistaafu atakuwa mwalimu wa sekondari.

Tuifanye hesabu yake hadharani. Akijiandikisha kuwa mtahiniwa wa kujitegemea na kujiandaa kwa mtihani wa kidato cha sita, miaka miwili itapita, naye atakuwa na miaka 40. Shahada ya ualimu huchukua miaka mitatu, hivyo ataimaliza akiwa na miaka 43. Watumishi wa serikali hustaafu wakiwa na umri wa miaka 60. Kwa hiyo mbele yake kungekuwa na miaka 17, ambayo kwa mwalimu ni muda wa kutosha kuzijua kazi zake, kupanda cheo na kuacha jina katika shule.

Sasa tuseme sajini huyo huyo asifanye lolote, angoje barua yake, aanze akiwa na miaka 48. Kwa njia ile ile atamaliza akiwa na miaka 53, na miaka iliyobaki itakuwa saba. Katika miaka hiyo saba atatafuta nafasi, atashindana na vijana waliotoka chuoni wakiwa na miaka 23, na karo yote ataitoa katika kiinua mgongo ambacho watoto wake nao wanakitazama. Mtu ni yule yule, na kipaji ni kile kile. Kilichopotea ni miaka kumi, na miaka haina stoo ya kuazima.

Ipo njia fupi zaidi kwa baadhi ya watu. Vyuo vikuu kama Makerere hutoa mtihani wa kuingilia kwa watu wazima, wenye umri wa miaka 25 au zaidi, ambao hawakupata nafasi ya kupita kidato cha sita. Anayefaulu mtihani huo huweza kuomba nafasi ya shahada. Lakini njia fupi haimaanishi njia rahisi. Mtihani huo hupima akili na maarifa ya mtu, na hauulizi amevaa sare kwa miaka mingapi.

Kadhalika askari anayetaka kusoma yampasa kukumbuka mambo matatu ambayo raia hana haja nayo. La kwanza ni ruhusa. Asianze masomo kwa siri, kwa maana masomo yanayofichwa huvunjika siku ya kwanza ya uhamisho. La pili ni uhamisho wenyewe. Tangu mwaka 2007 askari wa Uganda wamekuwa wakipelekwa Somalia kulinda amani, na polisi nao huhamishwa kutoka wilaya hadi wilaya. Kwa hiyo apange masomo yake vipande vipande, amalize kipande kimoja kabla ya kuanza kingine, kwani cheti cha mtihani hakichakai kwa kuwekwa sandukuni. La tatu ni jina. Si jambo geni kumwona askari ambaye jina lake au mwaka wake wa kuzaliwa katika faili la jeshi hauafikiani na cheti chake cha shule. Tofauti hiyo huonekana kuwa ndogo mpaka siku anapoomba nafasi chuoni. Airekebishe mapema kwa hati ya kiapo na kwa njia nyingine za sheria, wakati bado yu kazini na wakuu wake wako karibu kumthibitisha.

NJIA TATU ZA KUCHAGUA

Tukisema hatua inayofuata hatuna maana kwamba kila mkufunzi lazima aende shule ya raia. Tunaziona njia tatu, na kila mtu achague ile inayoafikiana na umri wake na moyo wake.

Njia ya kwanza ni kupanda palepale kambini. Yapo mafunzo ya wakufunzi, zipo shule za mafunzo kama Kabamba na Kaweweta, kipo chuo cha polisi cha Kabalye huko Masindi, na kwa maofisa kipo Chuo cha Ukamanda na Unadhimu huko Kimaka, Jinja. Anayeipenda njia hii atafute kujua kufundisha zaidi ya somo moja. Mkufunzi anayejua kwata peke yake huwa mtu wa kwata mpaka mwisho. Anayejua pia kuandaa mtaala, kutunga mtihani na kuandika ripoti iliyonyooka, huyo huitwa wakati chuo kinapotaka kujengwa upya.

Njia ya pili ni sekondari, ambayo tumekwisha kuieleza. Tuongeze neno moja tu. Mwalimu wa sekondari nchini Uganda kwa kawaida husomea masomo mawili ya kufundisha. Basi anayechagua Kiswahili achague na mwenzake mapema, kwa mfano historia au jiografia, na achague somo analoliweza, asichague kwa kufuata mkumbo.

Njia ya tatu ni elimu ya watu wazima. Hii yamfaa yule ambaye miaka yake imebaki michache, au ambaye hataki tena kufungwa na kengele ya shule. Haina mshahara mkubwa, na mara nyingi ni kazi ya kujitolea. Lakini katika vijiji vingi bado wapo wazee na akina mama ambao hawawezi kusoma barua ya mtoto wao, na askari mstaafu mwenye subira aweza kuwafumbua macho. Anayeishi kwa pensheni yake na kufundisha kijijini kwake hajashuka cheo.

Kuna wengine husema, "Mimi nitachukua kiinua mgongo changu nifungue shule yangu mwenyewe." Hatuwakatazi. Ila tunawaomba wakumbuke kwamba shule huhitaji kibali na kuandikishwa na serikali, huhitaji walimu wanaolipwa kila mwezi hata katika likizo, na huhitaji vyoo na maji kabla ya kuhitaji bendera getini. Aliyewahi kufundisha shuleni walau miaka mitatu ataziona gharama hizo kabla hazijamfika. Asiyewahi kufundisha huziona zikiwa zimekwisha kumla fedha.

MWALIMU ALIYERUDI KUWA MWANAFUNZI

Afrika Mashariki inao mfano mkubwa wa mwalimu aliyepanga hatua zake. Julius Nyerere alisomea ualimu hapa Makerere kuanzia mwaka 1943 hadi 1945. Akarudi Tabora kufundisha katika shule ya St. Mary's. Angeweza kuridhika, kwa kuwa katika miaka hiyo mwalimu wa Makerere alikuwa mtu mwenye heshima kubwa. Lakini mwaka 1949 aliacha kiti cha mwalimu akaenda kukaa tena kwenye dawati la mwanafunzi, katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, akapata shahada yake mwaka 1952. Aliporudi alifundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam, mpaka mwaka 1955 alipolazimika kuchagua baina ya kufundisha na siasa, akaacha kazi ya shule. Yaliyofuata yanajulikana. Lakini hata alipokuwa Rais, jina ambalo watu walimwita lilikuwa lile la kazi yake ya kwanza: Mwalimu.

Hatusemi kwamba kila sajini atakuwa Rais. Tunasema kwamba mtu yule hakuona haya kurudi nyuma ya dawati, na kila hatua aliichukua wakati hatua iliyotangulia imekwisha kukamilika.

WALIMU WA SHULE ZA KAMBINI

Tungekuwa tumekosa adabu kama tungemaliza bila ya kuwataja walimu wanaofundisha watoto wetu katika shule za kambini, na wengi wao ni wake za askari. Mwalimu wa namna hiyo huhama kila mumewe anapohamishwa, na kila anapohama huanza upya akiwa mgeni. Wengi wana cheti cha Gredi ya Tatu, na ile sera ya mwaka 2019 inawagusa moja kwa moja.

Kwa bahati njema, baadhi ya vyuo, kama Kyambogo, vimewahi kutoa masomo ya walimu walio kazini wakati wa likizo za shule, ili mwalimu asome bila ya kuliacha darasa lake. Lakini masomo hayo yana karo, na yana siku ambazo mama hayupo nyumbani. Hapa tunasema na askari mwenyewe. Ikiwa mkeo ni mwalimu, hatua yake inayofuata ni hesabu ya nyumba yenu nzima. Shahada yake itabaki ikiwalisha watoto siku utakapovua sare. Basi kumpikia watoto uji asubuhi mbili tatu wakati wa likizo si kazi ya kumshinda mtu aliyeweza kukesha lindoni.

MTAKA CHA MVUNGUNI

Tunajua liko jambo moja linalowazuia wengi, nalo si karo wala uhamisho. Ni haya. Sajini aliyezoea kuona watu mia wakinyamaza anapokohoa huona vigumu kukaa darasani pamoja na vijana wa umri wa wanawe, akisahihishwa insha yake kwa kalamu nyekundu. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Isitoshe, kuruta humheshimu zaidi mkufunzi ambaye naye anasoma, kwa sababu humwona akijitwika mwenyewe mzigo anaomtwika yeye.

Basi tunamwomba ndugu yetu mkufunzi afanye jambo dogo jioni ya leo, baada ya gwaride la mwisho. Achukue daftari, aandike mistari minne. Wa kwanza, umri wake wa kweli. Wa pili, cheti cha juu alicho nacho, pamoja na jina lililoandikwa juu yake. Wa tatu, darasa ambalo angependa kusimama mbele yake siku atakapovua sare. Wa nne, idadi ya miaka iliyobaki kabla ya siku hiyo. Akimaliza aisome mistari hiyo minne mara mbili, kisha amwonyeshe mkewe, na kesho yake aombe nafasi ya kumwona mkuu wake.

Mkufunzi ndiye anayewaambia makuruta kila siku kwamba askari hapigani vita asivyoviandalia. Neno hilo ni la kweli, na lamhusu yeye pia.